Mashine Yenye Tumbo la Waridi

Mwaka nlioanza kazi ya stoo ni ule tulokula jodari wa kopo mpaka paka wa mtaani wakageuza uso. Tufani ilikuwa imepita hapa Oman, wadi, yale mabonde makavu, zimeshuka na maji, barabara zimekatika, sokoni Sib meza za samaki tupu. Asubuhi jodari na mkate, mchana jodari na wali, jioni jodari mwenyewe hana hata wa kumsindikiza. Mjukuu wangu wa mwanzo, Ruqayya, alipoanza kula, harufu ya kopo ndiyo aliyoijua. Leo ana diploma, ameajiriwa huko Al Amerat kutunza vyombo vya kampuni ya ujenzi, na juzi kaniuliza, "Bibi, wewe ulikuwa unafanyaje vitu visiibiwe?" Nimekaa naandika kwenye simu, kidole kimoja. Skuli nilifika darasa la tatu. Makosa ya herufi msinisahihishe, someni maneno.

Baada ya tufani kila mtu akajenga. Ukuta umeanguka, dari limeingia maji, banda la magari limeondoka na upepo. Na pale penye ujenzi mwingi ndipo penye wizi mwingi, maana vyombo vimetawanyika kama vitu vya mtoto. Drili hapa, waya pale, jenereta nje kama mbuzi.

Nlivyoingia kazini mtacheka. Serikali ilitaka kila kampuni iwe na Waomani wake. Arbabu, ndivyo wafanyakazi wanavyomwita tajiri wao, hakuwa na Waomani wa kutosha. Mama yake na mama yangu walilelewa mtaa mmoja Unguja, basi akaja kwangu kama anakuja kwao.

"Bi Zuwena, nipe kitambulisho chako nikuandike kazini. Wewe kaa nyumbani, mshahara utakufuata."

"Nikae nyumbani nilipwe kwa kazi gani?"

"Kwa kazi ya kuwa Muomani."

Nikampa kitambulisho. Kulipokucha siku ya kazi nikatia chai kwenye thermosi, nikabeba kiti changu cha plastiki, mwanangu akanipeleka mpaka kwenye ujenzi. Injinia, Mmasri mmoja mwenye kitambi na haya nyingi, akanijia mbio. "Hajja, umepotea?" Nikamwambia sikupotea, mie mfanyakazi, nioneshe kazi yangu. Akampigia simu arbabu. Arbabu akacheka, akamwambia anitie kwenye kontena la vyombo, mle mna joto, nitachoka mwenyewe. Basi nikatiwa mle. Waliochoka ni wao. Injinia wa kwanza aliondoka, wa pili akaondoka, mie na kiti changu tupo.

Aliyenifundisha ni mzee wa Kimalbari kutoka India, Raghavan, aliyekuwa akishika stoo kabla yangu na anangoja kurudi kwao. Tulizungumza Kiarabu cha kazini, kile kisicho na mwanzo wala mwisho. Akanipeleka mpaka kwenye uzio, akaugonga kwa mkono. "Mama, watu wote wanaangalia huku. Mwizi hapiti huku. Mwizi anapita getini, anasema salaam alaykum." Akanichukua getini akanionesha gari zinavyoingia tupu na kutoka zimefunikwa. Siku ile nilimwona mzee mwenye wasiwasi. Nikaja kumkumbuka baadaye.

Yeye ndiye aliyenifundisha ubao. Unachukua bao kubwa la plai, unalisimamisha ukutani, unapiga misumari. Kila chombo unakitundika, halafu unakizungushia chaki, unapaka rangi umbo lake. Nyundo ina kivuli chake, msumeno una kivuli chake. Jioni huna haja ya kusoma kitu. Unasimama mlangoni unatazama, na palipo wazi panakutazama. Ruqayya ananiambia wao sasa wana vibandiko vya kusomwa kwa simu. Vizuri, mwanangu. Lakini simu inajua kibandiko kilipo pale unapoisogeza. Ubao unakwambia bila kuulizwa. Tundika huo ubao, na wakikucheka waambie ni wa bibi yako.

Ubao lakini haumrudishi mtu. Mwenye kuchukua drili asubuhi akiamua kuisahau juu ya paa, ubao utalia peke yake. Nikatafuta kitu ambacho mwanamume hatakisahau. Nikakipata: kopo la chakula. Wale vijana kila mmoja alikuja na makopo yake ya chakula yaliyopandana, wali chini, dengu katikati, mchuzi juu. Nikatoa amri. Unataka drili, niachie kopo. Adhuhuri rudisha drili, chukua kopo. Ukiwa bado unaihitaji, ilete niione, kula, kisha uichukue tena.

Walinuna wiki nzima. Kisha vyombo vikaanza kurudi vyenyewe, mbio, hata kabla ya adhana. Mpathani mmoja wa Pakistan, Gul, mkubwa kama mlango, akajiona mjanja. Kila siku akiniachia kopo, na kila siku anarudi anapotaka. Siku moja nikalitikisa. Halina sauti. Nikalifungua, ndani mna jiwe na kitambaa.

"Gul, mchuzi wako umekauka."

"Mama, mimi nafunga."

"Unafunga na jiwe?"

Wenzake walimwita Jiwe mpaka siku aliyorudi kwao. Tangu hapo kila kopo nilolipokea nililinusa kwanza. Kwa hiyo, nyinyi mnaojifunza kazi hii: dhamana iwe kitu ambacho mtu atakitaka saa chache zijazo. Saini haimwumi mtu tumboni.

Sasa nije kwenye rangi, maana rangi ndiyo iliyonifikisha mpaka hapa ninapoandika.

Bintiyangu alipoolewa tulipaka chumba cha bi harusi rangi ya waridi, ile inayotaka kuwa kama sharubati. Mafundi wakanunua nyingi kupita chumba. Nikachukua ndoo iliyobaki nikaipeleka kazini. Kila chombo kikapata mkono wake. Drili mshikio waridi, ngazi miguu waridi, toroli masikio waridi. Injinia alipoona alishika kichwa.

"Hajja, watu watatucheka."

"Wacheke. Nani ataenda kuuza mtaani Ghala drili ya rangi hii? Akifika tu wataulizana, bibi yuko wapi."

Na ilikuwa kweli. Kule Ghala, kwenye magereji na maduka ya vyombo vilivyotumika, rangi yangu ikajulikana. Lakini nikafikiri, mwizi atakwangua. Basi nikaongeza. Kila chombo nilikipaka mahali pawili: pa kuonekana na pa kufichika. Ndani ya kifuniko cha betri. Chini ya tumbo la mashine. Nyuma ya kibati cha jina. Pa kuonekana panamtisha mwizi mvivu. Pa kufichika panamngoja mwizi hodari. Hili la pili sikumwambia mtu, hata injinia. Nawe, Ruqayya, usimwambie mtu pako ni wapi. Hata mie usiniambie.

Mlinzi wetu wa getini alikuwa Bakari, mtu wa Kwale, Kenya, mrefu, mpole, ana mama mgonjwa kwao, naye kila mwezi humtumia dawa. Kwa kuwa Kiswahili chetu kinaelewana, ikawa nikifika asubuhi ananipokea thermosi. Akiniita mamangu, mie namwita baba. Hakuwahi kulala zamuni na hakuwahi kumruhusu mtu kutoka na mfuko usiofunguliwa. Hata mie alinifungulia mkoba. Siku ya kwanza nikamwuliza, "Baba, wanipekua mie?" Akasema, "Mamangu, nisipokupekua wewe, nitawaambia nini hawa wengine?" Nikamwachia mkoba wote.

Tulikuwa tunajenga nyumba za watu huko Al Amerat, nyuma ya milima. Ikaingia Ramadhani. Kazi tunamaliza mchana, mie narudi nyumbani kupika, wafanyakazi wanabaki maana wanalala palepale. Na kila magharibi, kama ilivyo ada, watu wema wanaleta futari. Kwa upande wetu ilitoka nyumbani kwa arbabu mwenyewe: pikapu nyeupe, masinia ya wali na nyama, tende, mtindi. Aliyeileta ni mtoto wa dadake, Qais, kijana mwenye manukato na miwani ya jua hata jua likiwa limeshazama.

Siku moja ya Ramadhani ile kulikuwa na mashine ya kushindilia, ile nzito inayorukaruka juu ya kifusi kabla hakijamwagiwa zege. Ilikuwa nje, pembeni mwa kontena. Nilimwambia injinia iingizwe ndani. Akaniambia, "Hajja, ni nzito, kesho asubuhi inahitajika, iache." Nikamwambia mbele za watu, "Haya. Nimesema." Nikaenda zangu.

Asubuhi mashine haipo.

Bakari nilimkuta amekaa chini, miguu ameinyoosha kama mtu aliyefiwa. Nikamwuliza nini kilitoka jana. Akanihesabia: gari ya maji, ilikuwa tupu, aliipanda juu akaitazama. Gari ya mchanga, vilevile.

"Na pikapu ya futari?"

"Mamangu, gari ya futari nitaipekua vipi? Imewaletea watu wamefunga chakula. Nimwambie kijana wa watu afunue masinia? Si ningeonekana sina adabu?"

"Ilitoka wakati gani?"

"Tulikuwa tushafuturu, twasali. Tulipotoa salamu, yeye na kijana wake wa kubeba walikuwa washapakia masinia yao, na sufra ya plastiki, ile ya kutandikia chakula, wameifunika juu. Akapiga honi, nikamfungulia, nikamwambia Mungu awazidishie."

Nilimkumbuka Raghavan akigonga uzio. Nawaambieni, vijana, hapa kwetu hapana mtu angeipekua gari ile. Si Bakari tu. Injinia asingeipekua, imamu asingeipekua. Gari yoyote ingepekuliwa siku ile isipokuwa iliyobeba sadaka. Mwenye kuiba alitujua sisi vizuri, alijua tuna haya wapi.

Kamera? Ilikuwepo. Iliona pikapu inaingia na masinia na inatoka na masinia. Kamera haifunui sufra.

Arbabu akaja mchana, uso umemvimba kwa saumu na hasira. Injinia alikwishamwambia mashine ilikuwa nje kwa sababu mlinzi yupo, kwa hiyo kosa la mlinzi. Akaingia kwenye kontena langu, akafunga mlango nusu, akakaa juu ya ndoo ya rangi.

"Bi Zuwena, wewe unaheshimiwa hapa. Neno lako moja linatosha. Sema ulimwona Bakari akizungumza na wale wanunuzi wa vyuma chakavu pale getini."

"Wanunuzi gani?"

"Wapo. Wanapitapita."

"Wanapita kweli. Kuzungumza na Bakari?"

"Sema tu. Tunamrejesha kwao, bima inatulipa, kazi inaendelea. Vinginevyo yatakuwa maneno mengi."

Mlango uko nusu wazi, na mie namwona Bakari kule getini, amesimama wima juani, amefunga, hajui tunasema nini na anajua tunamsema yeye. Nikisema neno lile, anapanda ndege na jina la mwizi, na nchi hii haingii tena. Mama yake kule anakatikiwa dawa. Na mie nabaki kwenye kiti changu, mshahara wangu mzima, naheshimiwa.

Nikamwambia, "Sikuona, sisemi."

"Bi Zuwena, mama zetu walikula sahani moja."

"Wamekula. Wangekuwepo wangekwambia hivihivi."

Akatoka akaupiga mlango. Bakari akaambiwa asishike geti, akae kambini mpaka iamuliwe. Wenzake wakaanza kuhamisha vitu vyao mbali na kitanda chake. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Kesho yake aliniambia, "Mamangu, wanalala na viatu chini ya mto."

Sikuwa mtu wa kungoja. Asubuhi iliyofuata nikamwambia mwanangu, usinipeleke kazini, nipeleke Ghala. Nilivaa abaya yangu nzuri, maana ukitaka kuulizia kitu cha wizi usiende kama unatafuta bei rahisi. Nikaingia gereji baada ya gereji, sikuulizia mashine yetu. Nikaulizia mashine ya kukodi. Nasema mwanangu anajenga ukuta, anataka kushindilia kifusi. Hili nalo lishikeni: mtu aliyeibiwa akienda analalamika, kila mlango unafungwa. Mwenye kutaka kukodi anaoneshwa mpaka stoo ya nyuma.

Duka la tano au la sita hivi, fundi mmoja wa Kibangali akanipeleka nyuma. Pale pana mashine imepakwa rangi nyeusi mpya, bado inanata vumbi.

"Hii nzuri, mama. Mpya."

"Naiona. Nipindulie nione chini, mwanangu atauliza."

"Chini hakuna kitu, mama. Chuma tu."

"Mie napenda chuma. Ipindue."

Wakaja wawili, wakaipindua kwa kuguna. Tumbo lake waridi tupu, chumba cha bi harusi chenyewe.

Yule fundi akalitazama lile tumbo, akanitazama mie, akaweka mikono kichwani. "Wewe ndiye bibi?" Nikamwambia ndiye. Akaanza kuapa kabla sijamwuliza kitu. Hakuinunua, ameachiwa tu aikodishe. Na nani? Kijana mmoja wa pikapu nyeupe. Mzuri sana, mkarimu, hata sinia la wali aliwaachia siku ile, bado la moto.

Nilikwenda kwa arbabu nyumbani kwake, palepale, na fundi nimekuja naye. Nikasema nlichokiona na sikuzidisha. Mashine ipo Ghala. Tumbo lake waridi. Nimeliona kwa macho yangu. Nani aliipeleka, muulize huyu, yeye ndiye aliyepokea. Fundi akasema. Arbabu akamsikiliza mpaka mwisho, akanyanyuka akaenda kusimama dirishani. Nilimwonea huruma, siwafichi. Ilikuwa sadaka ya nyumbani kwake, masinia ya mkewe.

Mashine ikarudi. Bakari akarudishwa getini. Lakini sikilizeni ilivyofanywa. Hakuna aliyesimama mbele ya wafanyakazi akasema si huyu. Wakaambiwa tu, mashine imepatikana, kazini. Basi maneno yakabaki yalipo. Kwa miaka, mfanyakazi mpya akija, anaambiwa chini kwa chini, yule mlinzi aliwahi kuiba mashine, akabanwa akairejesha. Bakari anasikia. Anafungua geti, anafunga geti. Nilimwambia arbabu zaidi ya mara moja, toa neno mbele ya watu. Akaniambia, "Bi Zuwena, yameshapita." Yamempitia nani?

Kitu kimoja nilikifanya bila ruhusa ya mtu. Nilikaa na kiti changu getini Ramadhani iliyobaki yote, magharibi kwa magharibi, nafuturu palepale na thermosi yangu. Kila gari ya futari ikiingia naipokea kwa heshima, na ikitoka naifunua mwenyewe. Mwanamke mtu mzima akifunua sinia hakuna anayemwona hana adabu, wanadhani anataka ukoko. Bakari akawa hana tena cha kuona haya. Na hilo, Ruqayya, ndilo jibu langu kwako kama unataka moja tu: pale penye haya yenu, wekeni mtu anayeruhusiwa kutazama.

Nimestaafu sasa. Nakaa Sib, miguu inauma, kiti changu cha plastiki nimekuja nacho nyumbani. Bakari bado yumo kazini kulekule. Sikukuu hunijia na watoto wa wenzake, na hunifungulia mkoba kwa mzaha.

Sasa Idi hii iliyopita arbabu kaja. Hajakanyaga kwangu tangu nilipoacha kazi. Kaja na halwa, bakuli kubwa, ya zafarani. Tukanywa kahawa. Akaniuliza miguu, nikamwuliza sukari yake. Kisha akakiweka kikombe.

"Bi Zuwena, Qais anataka kuoa."

"Mungu amjaalie."

"Watu wa msichana wanaulizia. Wamesikia alikuwa akija pale kazini kwako. Watakuja kwako."

"Waje, chai ipo."

"Wakija, waambie umemwona ni kijana mwaminifu. Neno lako linatosha. Ameshabadilika, wallahi ameshabadilika."

"Inawezekana. Mie sikatai. Amekwenda kwa Bakari?"

"Kwa Bakari kufanya nini?"

"Kusimama pale getini, mchana, watu wamejaa, aseme kwa mdomo wake: si huyu, ni mie. Siku akifanya hivyo nipigie simu, nije na kiti changu nikae nitazame. Hapo nitakuwa nimemwona mwaminifu, na watu wa msichana wakija nitawasimulia mpaka wachoke."

"Unataka kumwaibisha kijana kwa mlinzi."

"Mlinzi ameaibika miaka yote hii kwa kijana."

Akalisukuma bakuli la halwa karibu yangu kidogo, kwa ncha za vidole. Akaniambia, safari hii kwa sauti ya chini, ile ya mtoto wa rafiki ya mama, "Neno moja tu, Bi Zuwena. Mama zetu walikula sahani moja."

Nikalifunika bakuli lake la halwa, nikamrudishia mkononi.

"Sikuona, sisemi."